Wanja wa Edani

Eda ya Bimkubwa ilikuwa imebakia siku kumi na tisa, na aliyezihesabu hasa siku hizo hakuwa yeye bali wifi yake, Khairiya. Mwanamke yule, jamani, alikuwa na macho ya polisi. Hamad, mume wa Bimkubwa, alipofariki, Khairiya alihamia kwa mjane huyo wa kaka yake kule Ole kuhakikisha hajitii manukato, hapaki hina, hagusi wanja. Kutoka nje kulikuwa kwa dharura tu, na dharura ikaja: kivimbe ndani ya jicho la kushoto.

Wakaenda Wete, kwenye hospitali alikofanyia utafiti Daktari Nadhira, aliyekuwa akichunguza tabaka za ndani ya jicho kwa MRI, ile mashine ipigayo picha kwa nguvu ya sumaku. Kabla ya kuingia, muuguzi alisoma orodha yake: vipuli, hirizi ya bati, jino la chuma, wanja. Kwenye wanja, Khairiya akamkatiza. Huyu yumo edani, alisema, wanja ataupata wapi? Muuguzi akaona haya, akatia alama ya hapana. Bimkubwa aliinamisha uso.

Maana alikuwa ameupaka. Alfajiri ile, akijua huenda jicho likatolewa, alifungua kichupa alichonunuliwa na Hamad, akalipaka lile moja tu, kuliaga. Hamad alizoea kumwambia kwamba aliyaoa macho, mengine yalikuja nyongeza. Kisha akaufuta kwa mafuta ya nazi mpaka kope zikamuuma. Alidhani umetoka wote.

Mashine ilimgongea masikioni karibu nusu saa. Alipotolewa, Daktari Nadhira aliwaonyesha picha. Jicho lilionekana, hata tabaka zake mtu angeweza kuzihesabu kama za kitunguu, ila mbele palimezwa na kiza kitupu.

"Kiza hiki," alisema daktari, "ama ni chembe za chuma, na wanja huwa nazo, ama kivimbe kimeshatoboa ukuta wa jicho. Wanja mmesema hana. Basi itabidi tulitoe."

Khairiya alimshika wifi yake mkono, machozi yakimtoka. Ingesemwa kila uani kwamba kaburi la Hamad halijakauka, mkewe keshaanza kujiremba. Na wa kwanza kusema angekuwa huyu huyu aliyemshika mkono. Lakini jicho ni lake, na Hamad alilipenda.

"Nimepaka, daktari," alisema. "Leo alfajiri. Wifi, nisamehe. Nilikuwa naliaga."

Khairiya aliuachia mkono. Muuguzi alimsafisha Bimkubwa kope, pamba tatu zikatoka na weusi, akarudishwa ndani. Katika picha ya pili kile kiza hakikuwapo. Kivimbe kilikuwa kidogo, kimejibanza kwenye tabaka yake, na ukuta wa jicho u mzima. Kitatibiwa, alisema daktari, na jicho litabaki. Bimkubwa alilia mpaka akacheka.

Njia nzima Khairiya hakumsemesha, na Bimkubwa alijua kinachomngoja. Walipofika Ole, wanawake wa jirani walikuwa wamejaa ukumbini, wakataka kujua kwa nini picha moja iwachukue siku nzima. Khairiya, ambaye hata uongo wa mzaha hakuuvumilia, akapita mbele ya wifi yake.

"Mashine iliwaharibikia," alisema. "Ikabidi waanze upya."