Jicho la Kulia la Fundi Saa

"Mama, kuna jicho unalisahau," daktari aliniambia, na mimi nikafura.

Mimi nisahau! Tangu mume wangu aambiwe ana presha ya macho, mimi ndiye ninayemtilia dawa: tone moja kushoto, tone moja kulia, asubuhi na jioni. Kushoto presha ilikuwa imeshuka vizuri. Kulia imegoma kabisa. "Ikibaki hivi mwezi ujao, tutapasua," daktari akasema. Mume wangu ni fundi saa, na jicho la kulia ndilo la kazi.

Nyumbani nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaacha kununa, nikaanza kufikiri. Dawa moja, chupa moja, mkono mmoja. Kwa nini jicho moja litii na lingine lipinge?

Asubuhi nikampelekea dawa mezani kwake, kama kawaida. Alikuwa ameibana jichoni ile lenzi yake nyeusi ya kukuzia, ameinamia saa ya mtu. Akaitoa, akainua uso. Jicho la kulia lilikuwa limelowa, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, naye akayafuta kwa mkono wa shati bila hata kujua kwamba anafuta. Miaka thelathini na nane namwona akifanya hivyo! Nikabaki na chupa mkononi. Kumbe tangu tuanze dawa tone langu lilikuwa linaangukia mtoni, na mto unaondoka nalo.

"Leo hutiwi," nikamwambia.

"Umeshanichoka?"

"Subiri jicho likauke, mzee."

Kuanzia siku ile dawa ikatangulia kazi. Nilimtilia kabla hajaigusa lenzi, na jioni saa nzima baada ya kufunga meza. Akishafumba macho, nabonyeza kwa kidole ile kona iliyo karibu na pua, ili dawa isikimbilie puani. Muuguzi alituonyesha hayo siku ya kwanza, sisi tukaona ni mbwembwe tu. Dakika tano kamili, na fundi wangu alizipima kwa saa tatu tofauti. Nani alisema kidole kimoja hakivunji chawa?

Mwezi ulipokwisha daktari akapima, akapima tena.

"Imeshuka. Hatupasui." Akamgeukia mume wangu. "Mzee, umefanyaje?"

Mume wangu si mtu wa kusifu. Chakula kikimnogea husema tu, "Kimeiva." Lakini siku ile alisimama, akanishika bega mbele ya daktari, wauguzi na foleni nzima ya wagonjwa mlangoni.

"Muulize huyu," akasema. "Mimi natengeneza saa tu. Jicho kalitengeneza yeye."

Nilijivuna, tena sana, wala sioni haya kusema. Daktari akavuta kalamu na karatasi. Nikajiweka vizuri kitini, nikamweleza tangu mwanzo, na sikuwa na haraka hata kidogo.