Ekzosi ya Baba Nice

Mume wangu ananipiga. Nimelisema mapema ili usije ukanung'unika mbele ya safari kwamba nimekuzungusha. Anaitwa Reginald, mtu wa Machame, ana duka la vifaa vya ujenzi Sokon One, na ukimuuliza yeyote pale Lemara tunapokaa atakuambia Kandida ameolewa na mtu wa watu. Harusi gani hajachangia? Msiba gani hajapeleka turubai? Nyumba njema si mlango, na waliosema hivyo nadhani walikuwa wameolewa kama mimi.

Kandida ndiye mimi. Nashona mapazia, sebule yangu imejaa vitambaa vya watu. Tuna mtoto mmoja, Nice, yuko darasa la tatu.

Basi, Reginald akanunua pikipiki kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Si hizi za bodaboda, hapana. Ni lile dude kubwa la kukalia umejinyoosha kama uko kwenye kochi, usukani mpana, tairi nene. Wenyewe wanaliita kruza. Mjerumani alikuwa ameshatoa ekzosi iliyokuja nayo kutoka kiwandani akafunga nyingine ya wazi, na mlio wake, mae wee! Ikikata kona kutoka lami kuingia mtaani kwetu, vikombe vilikuwa vinalia kabatini. Mbwa wanabweka, vichanga wanaamka. Watu walikuwa wanamlaani Reginald moyoni huku wanampungia mkono.

Mimi niliipenda. Usinishangae, nisikilize kwanza.

Kutoka kona ile mpaka getini kwetu ni pafupi, lakini palinitosha. Nikiisikia tu, naepua sufuria, namwita Nice: "Haya mama, nenda kwa Mama Jackline ukaangalie katuni." Naye anapita kwenye upenyo wa michongoma kule nyuma, huyoo. Mama Jackline ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Hakuwahi kuniuliza kwa nini katuni zinamwita mtoto wangu saa za chakula, na mimi sikuwahi kumwambia. Zaidi ya hapo nilikuwa nimejifunza kuisoma ile ekzosi. Akija taratibu, inanguruma chini kwa chini, siku yake imekwenda vizuri, tutakula. Akipiga resi pale kona bila sababu, hakuna gari mbele wala ng'ombe wa mtu, nilikuwa navua hereni kabisa. Mimi anipige, nilishazoea, na Mungu anisamehe kwa neno hilo. Ila Nice asione na asiguswe. Hilo tu ndilo nililokuwa nalilinda kwenye nyumba ile, na bila ule mlio nisingeweza.

Majirani wakaja Jumapili moja mchana, tumetoka misa. Aliwaongoza Mzee Abdiel, balozi wetu, mzee mpole wa Kilutheri, mkewe, Mama Anaeli, amelala na kiharusi tangu mwaka jana. Mama Jackline naye alikuwemo, amejifunga kitenge cha heshima. Nikawaamkia, nikawapa soda.

"Baba Nice, hatujaja kwa ubaya," alianza Mzee Abdiel, kofia mkononi. "Ni hiyo pikipiki yako. Mama Anaeli akishtuka, presha inapanda. Usiku halali, mchana halali. Tumeona tuje tuongee kama ndugu."

Reginald alisimama akamshika mzee mikono yote miwili. "Mzee wangu, mbona mmechelewa kuniambia? Mnaniaibisha! Jumamosi hii hii naenda kwa fundi, nafunga ekzosi ya kistaarabu."

Wakapiga makofi, jamani. Mzee akataka kulia. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe binti yangu utapumzika. Tumekusemea na wewe." Mama Jackline akanikonyeza, anadhani kanisaidia. Nikasema asanteni, nikaenda jikoni kufanya kama natafuta kopo la njugu. Nikashika sinki kwa mikono yote miwili.

Jumamosi akanibeba twende wote. Alitaka watu waone kwamba mkewe ndiye anachagua. Fundi wake ni Lemomo, Mwarusha wa huko nyuma ya mlima upande wa Oldonyosambu, anakodi banda Sokon One, mcheshi kuliko redio. Alitandika gunia chini akapanga ekzosi tatu.

"Shemeji, karibu sokoni," akaniambia. "Hii fupi ni ya wazi, kama hiyo mliyonayo, ila mpya. Hii ya kati ina kizibo ndani, unakifungua kwa spana ukitaka kelele, unakirudisha ukienda kanisani. Hii ndefu sasa ndiyo baba lao. Ndani ina vyumba vyumba na pamba ya chuma. Ukiifunga hii unaweza kumpita mbwa amelala."

Akawa anazifunga moja moja, anapiga stata, tunasikiliza. Ile fupi ilinipasua masikio na nikaona raha. Ya kati ikanguruma kwa adabu. Nikahesabu kichwani, kona, geti, sufuria, Nice, nikaona inawezekana. Ile ndefu alipoiwasha nilisikia redio ya duka la jirani inatangaza mpira.

"Hii hapa!" Reginald akasema.

Nikaingilia. Mimi, ambaye nyumbani sichagui hata chaneli. "Baba Nice, si fundi amesema injini lazima ipumue? Ukiiziba sana si itakosa nguvu? Utapandaje Machame na mlima ule?"

"Shemeji anajua mambo!" Lemomo akacheka.

"Halafu barabarani je? Malori ya Namanga yatakusikiaje? Kelele ndiyo kinga yako. Hii ya kati inatosha kabisa. Mzee Abdiel hatalalamika."

Reginald alikuwa anatabasamu, amefurahi mkewe anamjali mbele za watu. Hakika alikuwa amelegea. Aliinama akaishika ile ya kati, akaigeuzageuza. Mungu anajua ilibaki kidogo tu.

Ndipo Lemomo, Mungu amsamehe maana hana baya moyoni, akapiga paja lake akamwambia Reginald, "Aah Mangi, huoni? Shemeji hataki kufumaniwa! Anataka akusikie ukiwa mbali, ili mgeni apite mlango wa nyuma!"

Banda zima likacheka. Mimi nikacheka. Reginald alicheka kuliko wote, akajifuta machozi. Kisha akaniangalia. Nikaona jicho lake linakwenda nyuma, linakusanya: chakula kilichoepuliwa tayari, mlango wa nyuma ambao haujafungwa komeo, michongoma yenye upenyo. Vyote alikuwa ameviona siku zote asijue ni vya nini. Sasa alidhani amejua.

"Funga ndefu," akamwambia Lemomo.

Nilirudi nyumbani nimemshika kiunoni, na njia nzima nasikia tairi zikisaga changarawe. Mtaani walitoka kutupongeza. Mzee Abdiel alisimama getini kwake amenyoosha dole gumba. "Barikiweni sana!" Nikampungia mkono.

Ningemwambia nini Reginald? Kwamba sina mwanaume, bali namficha mtoto wake asimwone yeye? Hebu niambie wewe lipi lina nafuu. Nilijaribu la kwanza, nikaapa kwa Bikira Maria, akasema ndivyo wanavyoapa wote.

Tangu hapo alianza kuja saa yoyote. Saa nne asubuhi nageuka na kitambaa mkononi, yuko mlangoni. Saa tisa mchana, yuko dirishani. Anapita chumba kwa chumba, anafungua kabati, anatoka. Nikajaribu kutega sikio kwenye geti, maana geti letu lilikuwa linalia bawaba. Akalipaka grisi. Alilipaka Jumamosi asubuhi huku anapiga mluzi, na Mama Jackline akapita akamsifia, mwanaume anayejali nyumba yake. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata haina mdomo.

Kila asipomkuta huyo mwanaume wake wa kufikirika, hasira ilikuwa inazidi. Ungedhani angefurahi, kumbe kila siku anayoshindwa kunifumania anahesabu kwamba nimemzidi ujanja. Na Nice sikuweza tena kumpeleka kwa Mama Jackline. Nimpeleke saa ngapi? Nimfiche kutwa nzima? Reginald naye alikuwa ameshaanza kumuuliza, kwa sauti ya upole ile, "Nice mwanangu, anakuja nani hapa?" Mtoto anasema, "Hakuna, baba," anaangalia vidole vyake.

Nikawaza kuondoka. Nilimpigia mama yangu Kibosho, akaniambia mwanamke havunji nyumba kwa sababu ya wivu, wivu ni mapenzi. Nikakata simu. Nikajiambia nitamaliza mapazia ya hoteli niliyoahidi, kisha nitaondoka. Kila siku nilikuwa na pazia moja zaidi la kumalizia.

Ilikuwa jioni, mvua imeacha, jua la mwisho liko juu ya mlima na mtaa mzima uko nje unateka maji na kuanua nguo. Nice alikuwa mezani na hesabu zake. Alikuwa ameshika penseli lakini haandiki, nikamwambia, "Wewe, unaota? Andika." Mimi nakaanga vitunguu. Sikusikia chochote. Niligeuka kuchukua chumvi, Reginald amesimama katikati ya sebule, kofia ngumu ya pikipiki mkononi, matope hadi magotini. Alikuwa ameiacha pikipiki barabarani akaja kwa miguu.

"Ametokea wapi?" akauliza.

"Nani, Baba Nice?"

"Nimeona mtu anatoka kwenye michongoma!"

"Ni mbuzi wa Mama Jackline! Jamani Reginald, ni mbuzi!"

Aliinua ile kofia. Nimeshapigwa kwa mkono, kwa mkanda, kwa waya wa pasi, na sikuwahi kupiga kelele. Mimi ni mwanamke wa kuuma kanga. Nikafumba macho nisubiri. Nikasikia kishindo, na mimi sikuumia. Nikafumbua macho. Nice alikuwa ameingia katikati yetu amenyanyua mkono, na ule mkono sasa ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Hapo nilipiga kelele. Nilipiga kelele zote za miaka yote. Nadhani walinisikia mpaka Kijenge.

Reginald alibaki ameshika kofia yake. "Umeona ulichonifanya?" akaniambia. Akanitupia lawama mimi!

Na nje kukanyamaza. Mtaa mzima, ndoo zimesimama. Kisha nikasikia hatua, zikaja mpaka getini, na sauti ya Mzee Abdiel, ya upole kabisa, kama mtu anayeomba kiberiti:

"Baba Nice, punguzeni sauti kidogo jamani. Mama Anaeli ndiyo kwanza amepata usingizi."

Nilimfunga Nice mkono kwa kipande cha pazia la watu, nikamnyanyua, nikatoka naye. Geti lilifunguka bila mlio. Mzee alikuwa amesimama pale pale, akaona mkono wa mtoto, akavua kofia. "Mungu wangu," akasema. "Binti yangu, mbona hukusema?" Majirani nyuma yake wakatazama chini, wengine wakanipisha njia. Mama Jackline pekee ndiye aliyekimbia, peku kwenye matope, akasimamisha bajaji kwa kujiweka mbele yake, akaingia na sisi bila kuuliza.

"Hospitali?" dereva akauliza.

"Hospitali," nikasema. Nilikuwa nimeshapanga la kumwambia daktari. Mvua, ngazi zinateleza, mtoto alikuwa anakimbia. Naujua uongo wa hospitali wa kila kiungo cha mwili. Nice alikuwa kwenye mapaja yangu, halii, ametoka jasho, anatazama juu usoni mwangu kama mtu aliyevunja sahani.

"Mama," akasema. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini, mama yangu? Nyamaza, usiongee."

"Nilikuwa nasikiliza. Kila siku nasikiliza nikwambie. Leo nimesikiliza sana lakini haikulia."

Mama Jackline akafunika mdomo wake. Mimi nilikuwa najidanganya na katuni, kumbe mtoto wangu alikuwa lindoni tangu zamani, na alikuwa anamlinda nani kama si mimi? Kila jioni ile penseli iliposimama, hakuwa anaota.

Nilimgonga dereva begani. "Kaka," nikamwambia, "polisi kwanza. Usikate kona, nyoosha."