Maziwa ya Wapuliza Rangi

Kwenye gereji za malori pale Tunduma, mpuliza rangi asiyekunywa maziwa jioni alihesabiwa kuwa anajichimbia kaburi. Maziwa yanasafisha kifua, walisema wote, na aliyewauzia alikuwa Tupokigwe, mke wa fundi Aliko. Huyo Aliko alikuwa akipuliza lori zima pua wazi, kisha anagugumia kikombe kikubwa na kujifuta mdomo, roho kwatu.

Ndipo sauti yake ikaanza kukwaruza. Aliko ndiye besi ya kwaya yao, na besi ilipotea wiki baada ya wiki, mpaka Tupokigwe akashikwa na hofu ya saratani. Alimkokota hospitali, madaktari wakamkata kinyama kidogo kooni cha kupima, wakaambiwa wasubiri majibu.

Majibu yakatoka: hapakuwa na saratani. Koo lilichubuliwa na mvuke wa rangi, daktari alisema, ila akiendelea hivyo kwa miaka, saratani ya mapafu au ya kibofu inaweza kumpata kweli. Tupokigwe akauliza kama amwongezee maziwa. Daktari akatabasamu.

"Maziwa yanakwenda tumboni, mama. Rangi inakwenda mapafuni. Avae maski yenye vichujio."

Njia nzima ya kurudi Tupokigwe alicheka huku machozi yakimtoka, jinsi alivyofurahi. Karibu na nyumbani akakumbuka wateja wake, akanywea. Akinyamaza, wataendelea kuvuta sumu huku wakikiamini kikombe chake. Akisema, biashara imekwisha.

Kesho yake Aliko alivaa maski mpya, na Tupokigwe akasimama katikati ya gereji akasema.

"Maziwa yangu hayasafishi kifua cha mtu. Vaeni maski kama Aliko."

Clement, mkongwe wa mafundi, alisema hajapata kuona mwuzaji anayejiharibia soko namna hiyo. Wakacheka sana, na jioni ndoo ikarudi nyumbani imejaa. Tupokigwe aliumia, lakini alilala vizuri. Maziwa yakaganda, akaanza kuuza mtindi kwa wapita njia.

Mwezi haujaisha, jioni moja Clement akamjia, alama ya maski imemkaa puani, na nyuma yake mafundi wengine wenye alama hiyo hiyo. Akaomba kikombe.

"Cha kusafisha kifua, baba?" Tupokigwe akamchokoza.

"Aa, mwanangu. Nina njaa tu."

Aliko, aliyekuwa kando, akaangua kicheko, na kicheko kikatoka chini kabisa, kizito, besi ile ile ya kanisani. Tupokigwe akamimina mtindi huku akimtazama mumewe. Kikombe kilijaa, mtindi ukamwagika chini, wala hakujali.