Paka Anashiba

Paka dume wa msusi alikuwa amenenepa hata akirukia kiti hukwama nusu ya safari, akabaki ananing'inia kama nguo kambani. Msusi akamtia kikapuni, akampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimbonyezabonyeza tumbo. "Atazaa lini?"

"Ni dume, daktari."

Daktari akakohoa, akaisafisha miwani iliyokuwa safi. "Basi anavimbiwa. Anakula nini?"

"Makombo tu ya mezani."

"Makombo ya kumnenepesha hivi? Nani kwenu hamalizi chakula?"

Msusi alifungua kinywa ajibu, akakumbuka. Binti yake wa miaka kumi na minne siku hizi mezani hakosi kuketi upande wa paka. Havui sweta hata jua likiwaka. Na juzi alipomsuka, nywele zilibaki kwenye kitana mafungu mafungu. Msusi akayalaumu mafuta ya nywele. Alijua siri za vichwa vya mtaa mzima, isipokuwa kichwa alichokizaa.

Njiani alitunga hotuba ndefu. Alipomkuta binti akikunja taulo za saluni, akaitupa yote.

"Mwanangu, chakula chako anakula paka?"

Binti hakuinua macho. "Ulisema mbele ya wateja nimekuwa pipa. Wakacheka."

"Nilikuwa natania."

"Najua. Hata mimi nilicheka."

Msusi, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo, akaketi sakafuni, akaanza kukunja taulo naye, tena vibaya.

"Nilikosea," alisema mwishowe. "Sitakulazimisha kula. Ila kesho twende kwa daktari."

"Yule wa paka?"

"Wa watu, mjinga we!" Akajiziba mdomo. "Wa watu, mwanangu."

Binti akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Nikila naogopa, mama. Nisipokula pia naogopa." Msusi akamkumbatia, akahisi mabega yalivyochongoka chini ya sweta.

Kesho yake, kwenye benchi la zahanati, mama mmoja mnene alimkagua binti kwa husuda. "Umbo hilo, mwanangu! Nipe siri."

Msusi alivuta pumzi ya kutosha matusi ya wiki nzima. Binti akamgusa goti.

"Naumwa, shangazi," akasema taratibu.

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa. Binti ndiye aliyetangulia kusimama.