Bibie wa Jalalani

Mama mshonaji alimwita mchumba wa bintiye "Marashi", na wala hakuwa anamsifu. Kijana alisema ni fundi wa umeme, lakini kila alipokuja alikuwa ametoka kuoga muda huo huo, ananukia hadi mama anapiga chafya juu ya cherehani.

"Mwanamume wa kazi hunuka kazi," alimwambia bintiye. "Huyu anaficha harufu ya mtu."

Binti alijua siri. Lakini Marashi alikuwa amemwapisha asiseme.

Jioni moja Marashi alikuwa sebuleni akisubiri jibu la posa yake, umeme ukakatika. Papo hapo simu yake ikalia.

"Bibie kanuna tena?" alinong'ona. "Msimguse, nakuja. Kanizoea mimi."

Akaaga huku anakimbia. Mama alisikia yote; moyo ukimchemka, alichukua mkasi wake mkubwa na kumfuata. Njia ya mwongo ni fupi, ila hii iliishia kwenye jaa la taka la mji. Jamani, hata kama ni kimada, ndiyo awekwe huku?

Mabomba yalichomoza kila mahali kwenye kilima cha taka. Chini yake palikuwa na banda, na ndani Marashi amepiga magoti, grisi hadi masikioni, anabembeleza mtambo mkubwa kuliko chumba.

"Bibie, nikaze koki gani tena, mpenzi?"

"Bibie ndiye huyu?" aliuliza mama, mkasi ungali juu.

Marashi nusura azimie. Akaeleza: taka zikioza huko chini hutoa gesi, mabomba huivuta, Bibie huichoma, mji unapata umeme. Leo mtu alifungua koki mno, bomba likavuta hewa pamoja na gesi, Bibie akazimika.

"Niliogopa, mama. Ungeninusa ungenikatalia, na mimi nampenda binti yako."

Akakaza koki, akabonyeza swichi. Bibie alikohoa, akanguruma, na taa zikawaka hadi mtaani kwa mama.

Mama alimsogelea, akamnusa bega. Maganda, moshi, jasho. Machozi yalimlenga, mengine kwa harufu, mengine kwa furaha.

"La kuvunda halina ubani, mwanangu. Umemaliza chupa ngapi bure? Haya, nimekubali. Ila siku utakayokuja kwangu unanukia vizuri, nitajua umetoka kwa mwingine."