Jina la Shosho

Waliomtembelea Wakiuru Jumapili ile baada ya kanisa hawakuja hata na pakiti ya sukari. Watiri, mama mkwe wake, alijichagulia kiti chenye mto. Gatimu, shemeji wa huyo mama, akakohoa kama mtu aliyetumwa na ukoo mzima.

"Tumekuja kwa amani," Gatimu akaanza. "Mwambie hakimu amwachilie Mutahi. Ati mwanamume afungwe juu ya matunzo ya mtoto? Jela hailei mtoto."

"Alipokuwa nje alikuwa akilea nani?"

Kusema kweli, Wakiuru alikuwa amechoka. Mume akiwa huru hakutoa kitu, na akiwa ndani vilevile hakuna kitu, na huko sokoni Nyeri walishaanza kumwita mwanamke aliyemtia mumewe pingu. Lakini aombe msamaha kwa kudai chakula cha mtoto? Thubutu! Mutahi aliapa kortini kwamba hana hata kuku, ilhali kijiji kizima kinajua ana ng'ombe wawili wa maziwa, aliowaandikisha kwa jina la mamake ili hakimu asiwaone.

"Wale ng'ombe ni wangu," mama mkwe akasema, na hakuna aliyekuwa amemwuliza. "Na kijana wangu hatakufa na baridi ya jela ya King'ong'o kwa sababu yako."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye, Mama."

"Usinifunze kulea!"

Hapo mtoto akaingia mbio, miguu matope matupu. Shosho, bibi yake, akasahau ugomvi, akafungua mikono. "Watiri wangu! Si ni mimi huyu, nimezaliwa tena!" Ndivyo alivyozoea kujisifu kanisani, maana kwa desturi yao binti wa kwanza huitwa jina la mama wa babake, wa pili la mama wa mamake, naye hakuwa na mjukuu mwingine wa kubeba jina hilo.

Wakiuru akamvuta mtoto nyuma ya sketi yake.

"Basi kesho naenda kwa msajili. Kama kwenu halishwi, jina lenu ni la nini? Ataitwa Nyawira, kama mamangu."

"Ngai!" Gatimu akaruka. "Hiyo ni kutuzika tukiwa hai!"

"Zikaneni. Na Mutahi alale huko huko."

Mama mkwe alimwangalia mtoto aliyekuwa akichungulia, akaiona kandambili moja iliyoshonwa kwa waya, akaona aibu, na aibu ile ikageuka hasira. Akasimama.

"Gatimu, twende ukafungue ng'ombe."

"Yupi?"

"Wote wawili. Wawe hapa kabla jua halijatua. Kishamba hiki kina nyasi."

"Na Mutahi je?"

"Mutahi nimemnyonyesha mpaka ameota ndevu," akasema. "Sasa ni zamu ya Watiri."