Fundi Hajulikani

Jumanne moja ya mwezi wa saba, mwaka 1996, Marsela alichemsha chai saa kumi na mbili kasoro robo jioni kama kawaida yake, akamimina vikombe viwili, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko kumsubiri mumewe. Mumewe, Melkiadi, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na tangu arobaini yake ipite hakuwahi kukosa jioni hata moja. Alikuwa akija, anakunywa chai ya asali, anaulizia mvua na majirani, na giza likianza kukolea anaaga. Marsela alishazoea. Walikuwapo wanawake pale Inyonga wenye waume hai wasioonekana nyumbani saa hiyo.

Jumanne ile chai ikapoa.

Sababu haikuchukua muda kujulikana. Katika ukoo wa Melkiadi, mrina asali akifa, mzinga wake mmoja, ule alioupenda kuliko yote, hushushwa mtini ukawekwa nyuma ya nyumba, na nta iliyomo ndani haikwanguliwi. Ukiimaliza nta umemfukuza mwenyewe. Mzinga wa Melkiadi ulikuwa gogo la mninga alilolichonga kabla hawajaoana, na pembeni ya mdomo wake kulikuwa na alama yake: mikato mitatu na kitobo kimoja. Marsela alipozunguka nyuma ya nyumba hakuukuta. Alimkuta Osward, mwanawe wa kwanza, amekaa palepale mzinga ulipokuwa, anasikiliza redio mpya.

"Mama, kuna mtu kapita na gari, ananunua vitu vya asili," Osward alisema. "Mi nikaona ni gogo tu. Hata nyuki halina."

"Nta uliikwangua?"

"Hapana."

"Afadhali," alisema Marsela, akaizima redio. Hakugomba. Moyo ulimuuma mno, na kugomba kunataka mtu mwenye nguvu.

Yule mnunuzi alikuwa ameacha kadi ya duka, nayo ilisema Dar es Salaam. Marsela akatafuta nauli kwa wiki tatu, akafunga nguo zake kwenye kitenge, akapanda lori la tumbaku hadi Mpanda, na Mpanda akapanda treni. Makao makuu yalishatangazwa kuwa Dodoma tangu Osward ananyonya, lakini serikali ilikuwa bado haijamaliza kufunga mizigo, hivyo mtu aliyetaka kuuona mji mkuu alikwenda Dar es Salaam. Siku ya tatu akafika, miguu imevimba.

Kadi ilikuwa imefutika namba kwa jasho la safari. Barabara yenyewe aliionyeshwa, ina maduka ya vitu vya asili pande zote mbili, basi akaanza la kwanza. Wauzaji walimkaribisha wakidhani ni mnunuzi, na yeye akatazama kama mnunuzi. Aliona ungo umetundikwa ukutani, haujapeta hata punje moja. Aliona vinu vidogo visivyoweza kutwanga kisamvu cha mtu mmoja. Aliona kigoda kama cha kwake kimezungushiwa kamba ili mtu asikikalie. Alivihurumia, kama mtu anavyowahurumia ndugu aliowakuta wamelazwa hospitali ya mbali, akavigusa kimoja kimoja kabla ya kutoka.

Kwenye duka la nne alisikia nyuki.

Walikuwa wakiingia na kutoka kwa dirisha la juu, bila haraka. Mzinga ulining'inizwa kwa minyororo miwili katikati ya duka, na chini yake, kwenye stuli, alikaa Melkiadi na shati alilozikwa nalo. Shati lilikosa kifungo kimoja kifuani, na kwenye tundu la kifungo hicho kilifungwa kikaratasi kwa uzi.

"Mama Osward," alisema Melkiadi. "Umekuja na treni?"

"Na treni. Chai unapata?"

"Napata. Ya sukari."

Muuzaji alikuwa msichana wa Kisukuma aitwaye Kija, ambaye wazazi wake walikuwa wamehamisha ng'ombe wao hadi bonde la Katuma, jirani na Mpanda. Alimwamkia Marsela kwa kupiga goti kidogo. "Shikamoo mama. Kumbe ni mzee wako? Alikuja na mzigo. Hana shida, nyuki wakimsogelea mteja anawaita wanarudi."

Kila kitu kilichomaliza wiki moja dukani kilifungwa kikaratasi. Melkiadi alikuwa amemaliza mbili. Marsela, ambaye alisoma kisomo cha watu wazima na kufaulu, alikishika kile cha mumewe, kisha kile cha kwenye mzinga. Vilikuwa na mwandiko mmoja na maneno yaleyale: *Cha kale. Kanda ya Magharibi. Fundi hajulikani.*

Cha mzinga kilikuwa kimeifunika alama nusu. Marsela alikisogeza kando kwa kidole. Kule Inyonga hata mtoto aliyetumwa kuni angeisoma ile mikato mitatu na kitobo akiwa chini ya mti, na angejua huo ni mzinga wa nani, na kwamba akiugusa atachapwa.

"Fundi huyu hapa," alisema Marsela. "Anaitwa Melkiadi Kapama, wa Inyonga. Andika."

"Mama, mimi mwenyewe nilimwambia bosi," alisema Kija, na macho yake yalisema kweli. "Anasema mzungu akiona jina anauliza kama fundi yuko hai. Akisikia yupo, anaona ni kitu cha juzi tu."

"Amekufa."

"Hilo zuri, mama. Ila jina hapana."

Marsela akauliza mzinga unauzwaje. Kija alimtajia kwa sauti ya chini, kwa aibu, na Marsela hakuuliza mara ya pili. Alikaa sakafuni karibu na miguu ya mumewe, akalia kidogo, akajifuta kwa pindo la kitenge. Melkiadi akamwambia kwamba kwa kuwa amefika, ni vizuri auone mji. Kija akawaruhusu hadi saa kumi na moja, saa ya kufunga.

Melkiadi aliweza kwenda umbali anaokwenda nyuki kutafuta maua, si zaidi, lakini katikati ya mji hapakuwa mbali. Waliiona sanamu ya askari aliyeelekeza bunduki. Melkiadi aliitazama kwa muda, akasema mwindaji huyo amelenga mno, mnyama atakuwa ameshaondoka. Waliiona bahari. Alisema maji yote yale na hakuna hata nyuki mmoja anayeweza kunywa. Waliona ghorofa, wakahesabu hadi ya kumi wakaona inatosha. Mmachinga mmoja alimuuzia Marsela kifungo cheupe na sindano yenye uzi, wakakaa kwenye benchi la bustani, naye Marsela akakishona kwenye shati, kikaratasi akikifungua na kukificha ndani ya blauzi yake. Katika miaka ishirini na sita ya ndoa hawakuwahi kutembea pamoja bila mmoja wao kubeba mzigo. Marsela alikuwa na furaha, na aliona haya kidogo kuwa nayo.

"Twende nyumbani," alisema.

"Mimi nafuata nta," alisema Melkiadi. "Ikwangue kidogo, uende nayo. Lakini usiimalize. Ukiimaliza sitakuwa kule wala hapa."

Waliporudi dukani Kija alimshikia stuli. Marsela akapanda, akaingiza mkono kwenye mdomo wa mzinga, nyuki wakampisha, akakwangua kwa ukucha nta ya kujaza kasha la kiberiti. Aliposhuka, Kija alikuwa ameshaandika kikaratasi kingine. Akakifunga kwenye tundu la kifungo cha pili cha shati la Melkiadi.

"Samahani mama," alisema. "Ndiyo kazi."

Marsela aliporudi Inyonga, Osward alichonga mzinga mpya kwa siku nane bila kuambiwa. Lilikuwa gogo zuri la mninga. Kijana hakuwa mvivu, alikuwa mjinga tu, na ujinga wa ujana hupona. Alama ile hakuthubutu kuikata. Aliikata Marsela mwenyewe kwa patasi, mikato mitatu na kitobo, kisha akaiyeyusha nta ya kwenye kiberiti na kuipaka ndani, mzinga ukawekwa nyuma ya nyumba.

Jioni hiyo Marsela alimimina vikombe viwili. Saa kumi na mbili ikapita. Akavitazama vinavyopoa, akaogopa. Saa kumi na mbili na robo Melkiadi akatokea kwenye njia ya kisimani, amechoka, viatu vina vumbi la mji.

"Foleni," alisema, akakaa.

Alikuwa ameshinda dukani tangu asubuhi, kwa sababu mzinga wake bado ulikuwa kule, na duka lilipofungwa ndipo akapata nafasi. Marsela alimpa chai ya asali. Kikaratasi kilikuwa kinaning'inia kifuani. Akakifungua, akakisoma chote, akamwita Osward alete kalamu. Upande wa nyuma akaandika kwa herufi kubwa: *MELKIADI KAPAMA. INYONGA.* Akakifunga tena, upande huo ukiwa juu, na Melkiadi alipoaga akaondoka nacho.

Kesho yake alikuja na kipya. *Cha kale. Kanda ya Magharibi. Fundi hajulikani.* Marsela akakigeuza, akaandika. Kesho kutwa vilevile.

Ikawa ndiyo desturi. Nyuki waliingia kwenye mzinga mpya kabla ya mvua za kwanza. Osward alioa binti kutoka Magamba, naye mkwe akajifunza kumimina vikombe vitatu, cha tatu kikiwa chake. Kalamu ilipokwisha wino walinunua nyingine.

"Kija anavitunza vile vyenye jina," Melkiadi alisema jioni moja, akipuliza chai. "Havitupi. Anaviweka kwenye droo. Leo droo imegoma kufunga, imejaa."

"Msichana mwema," alisema Marsela.

"Mwema sana."

Marsela akasogea karibu na moto apate mwanga, akakifungua kikaratasi cha siku hiyo, akakisoma, akanyoosha mkono apewe kalamu.